Makopo Manane ya Bibi wa Sinema

Mimi si mtu wa kushangazwa na kitu. Nilianza maisha na magunia mawili ya vitunguu mgongoni mwa punda, kutoka Mang'ola kupanda mpaka Karatu, na darasa la nne sikulimaliza. Leo simama njia panda uulize nyumba ya bati jekundu ni ya nani, utaonyeshwa. Nimelala chini ya lori katika msitu wa Ngorongoro, simba wakikoroma upande wa pili wa tairi. Nimevuka mto uliofurika na mzigo wa tani saba, utingo wangu akisali rozari juu ya magunia. Nimeona watu wakitajirika kwa mwezi na kufungwa kwa siku moja. Mtu akinijia na habari ya ajabu namwacha amalize, halafu namuuliza, ndiyo hiyo tu?

Yuko mmoja aliyenishangaza, naye alifanya hivyo akiwa amelala kitandani, mgonjwa, bila hata kuinua kichwa. Jina lake silitaji. Aliwahi kuliacha jina moja huko alikotoka, na hili la pili nalo hakupenda kulisikia likitamkwa kwa sauti. Sisi wa Karatu tulimwita Bibi wa Sinema, naye aliitika.

Alizaliwa mji gani wa Ufaransa sijui, baba yake alikuwa nani sijui. Nilichojua ni kwamba alikuwa mwigizaji wa picha za sinema kwao wakati wa vita kuu vya pili, Wajerumani walipokuwa wameikalia nchi, na kwamba woga aliouvaa wakati ule hakuuvua tena. Aliishi barabara ya kwenda Oldeani, katika nyumba ya zamani ya msimamizi wa shamba la kahawa. Shamba lilikwisha kuchukuliwa na serikali, nyumba na bustani aliachiwa. Watalii walipokuwa wengi alikuwa akipanda kwenye hoteli ya ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro kuwafundisha watumishi kutandika meza. Mpaka wa Kenya ulipofungwa watalii wakaadimika, naye akabaki na karoti zake, kuku wake, na mama mmoja wa Kiiraqw aliyemsaidia kazi, Mama Bura.

Siku ya kwanza nilimpelekea kuni. Nikafika, nikaacha lori likinguruma, nikapiga hodi. Mlango wazi, chai mezani bado inatoa mvuke, mtu hakuna. Nikapiga hodi ya pili na ya tatu. Mama Bura akatoka jikoni anafuta mikono, akaniambia kwa utulivu, kama mtu anayeeleza desturi ya nyumba, "Zima gari kwanza."

Nikazima. Ndipo nikamwona Bibi anatokea nyuma ya tangi la maji, mrefu, mwembamba, nywele nyeupe zimekatwa fupi kama za mwanamume. Viatu vya safari viko miguuni na mkoba mdogo uko mkononi. Akanisalimia vizuri, akauliza bei ya kuni, akaniambia imezidi. Nilicheka nikiwa njiani kurudi. Miaka mingi baadaye ndipo aliponieleza kwamba kwao, wakati ule, gari lililosimama mlangoni bila kuzima injini ndilo lililokuja kuchukua watu.

Kiti chake kilitazama mlango. Hakukaa chini ya taa. Nyumba yoyote aliyoingia, hata kanisani, aliangalia kwanza mlango wa pili uko wapi. Mkoba ule ulikaa chini ya kitanda, na Mama Bura aliniambia kila Jumamosi huufungua, hufua nguo za ndani, huzikausha, huzirudisha. Miaka ishirini na zaidi anafungasha safari ambayo haendi.

Na usidhani alikuwa mwoga wa kila kitu. Nyati alishuka siku moja kutoka msituni akaingia bustanini. Sisi wanaume watatu tuliokuwa tunashusha mbolea tulikuwa juu ya lori kabla hujamaliza kusema nyati. Bibi alitoka na sufuria na mwiko, akaenda mpaka hatua kumi, akaanza kumsema yule mnyama kwa Kifaransa, akigonga sufuria taratibu, kama mama mwenye nyumba anayemfukuza mgeni mlevi. Nyati akamtazama, akageuka, akaondoka na karoti mdomoni. Nilimuuliza, Bibi, hukuogopa? Akaniambia nyati hana orodha ya majina.

Mimi aliniita Bwana Vitunguu. Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni na cha shamba, kifupi, lakini akikisema ulikielewa mpaka rohoni, maana kila neno alilisindikiza kwa uso. Alikuwa anaweza kukuonyesha karani wa kijiji anavyotafuta muhuri mpaka wewe mwenyewe ukaanza kuutafuta.

Habari za sinema alinipa barazani, alasiri, kidogo kidogo. Mwanzoni sikuamini. Nilidhani watu wakati wa vita hukimbilia porini. Akaniambia hapana, kumbi zilijaa kuliko wakati wowote, kwa sababu nyumbani hapakuwa na makaa ya kuota na ukumbini watu walipeana joto. Kampuni kubwa ya picha ilikuwa ya Wajerumani. Ukitaka kula, uliigiza kwao. Ukikataa, ulibaki na heshima yako na njaa yako. Wengine walikataa. Yeye hakukataa, na hilo hakulipamba kwa maneno.

Studio zilikuwa baridi mno, anasema. Waigizaji wanavaa hariri nyepesi, picha ni ya kiangazi, na huku pumzi zinatoka kama moshi. Basi kabla ya kusema maneno yao walitiliwa kipande cha barafu mdomoni, ili pumzi ipoe isionekane. Unamwambia mwanamume unampenda, na meno yanakufa ganzi. Siku nyingine walipiga picha ya harusi ya matajiri, meza imejaa matunda. Wale waliokodiwa kujaza karamu walikuwa na njaa kali, kwa hiyo matunda yalipakwa dawa chungu yasiliwe kabla ya kazi kwisha. Mzee mmoja alililamba peari hivyo hivyo, machozi yakamtoka. Mkuu wa picha akapenda yale machozi, akayaacha.

Lakini hadithi iliyonikaa mimi ni ya taa. Kabla ya picha yenyewe zilionyeshwa habari za vita, za kuwasifu Wajerumani, na watu gizani walizomea. Ikatoka amri kwamba wakati wa habari taa za ukumbi ziachwe zikiwaka, polisi waone ni mdomo gani unaozomea. Watu wanakaa ndani ya mwanga, ukumbi mzima, nyuso zimekauka kama mbao. Hapo ndipo alipoona waigizaji hasa, alisema; wao wa kwenye picha walikuwa wanafunzi tu.

Gari la sinema la serikali lilipokuja Karatu, likatundika shuka jeupe kwenye uwanja wa mpira, nilimpeleka. Alisimama nyuma kabisa, kitambaa kichwani. Picha ilikuwa ya ukulima bora wa mahindi. Watu wakacheka, wakapiga makofi ng'ombe alipotokea. Nikamtazama yeye, hakuwa akiangalia shuka. Alikuwa akiangalia migongo ya watu, na midomo yake inahesabu.

Sasa niseme habari ya makopo, maana bila hayo hakuna kisa.

Kulikuwa na mwigizaji mwenzake, mwanamume, aliyekuwa amebadili jina kwa sababu alikuwa Myahudi, na kabila lake lilikuwa likiwindwa na Wajerumani. Studioni walijua, wakanyamaza. Akapewa sehemu ya mzee mwenye ndevu, ndevu za kubandika, kofia pana, ili hata mamaye asimtambue. Siku moja, kati ya chakula cha mchana na kazi ya alasiri, gari likasimama nje, injini haikuzimwa. Hakurudi. Picha ikamaliziwa na mtu mwingine aliyevaa kofia ile ile, akiwapa mgongo watazamaji. Kisha vita vikageuka, studio ikaungua, picha ile haikuonyeshwa popote. Nakala moja tu ilikuwa imebaki kwa mtunza stoo, na Bibi aliipata. Makopo manane ya bati yenye mikanda ya picha, mviringo, mazito, ndani ya sanduku la mbao.

Vita vilipokwisha Wafaransa wenzake walimwita mbele ya meza ndefu wakamuuliza. Ulifanya kazi kwa nani? Ulikula chakula na nani? Njiani wanawake walioshutumiwa kulala na Wajerumani walikuwa wakinyolewa hadharani. Yeye hakunyolewa, alikatazwa kazi tu, akaondoka, na nywele akazikata mwenyewe maisha yake yote. Makopo yale aliyaogopa kama nyoka, maana mwanzoni mwa kopo la kwanza kuna alama ya kampuni ya Wajerumani, na baada yake uso wake yeye, anacheka. Akiyachoma, yule mwanamume hayuko tena mahali popote duniani. Akiyaweka, ni ushahidi. Akayaweka. Alikuwa ameyafukia chini ya mbao za chumba chake, na juu yake akatandika kitanda.

Nilimwambia, Bibi, miaka arobaini, nani anakutafuta Karatu? Akaniambia, "Wewe hujawahi kuogopa, Bwana Vitunguu. Ngoja."

Haikuchukua muda. Ukaja mwaka wa msako wa wahujumu uchumi. Aliyekuwa mtu mzima wakati ule hahitaji kuelezwa. Dukani hakuna sabuni, hakuna mafuta, na redio inasema waliozificha watafutwe nyumba kwa nyumba. Watu walitupa vitenge makorongoni usiku, asubuhi mbuzi wanatembea juu ya maua mekundu na ya njano. Rafiki yangu mmoja alichukuliwa na katoni sita tu. Na mimi ndani nilikuwa na katoni thelathini za sabuni, madebe manane ya mafuta na marobota mawili ya vitenge. Nilivinunua kwa jasho langu. Ila risiti sina. Miaka ile risiti ilikuwa adimu kuliko sabuni.

Mimi niliyelala na simba, nakwambia, niliacha kula. Mke wangu akiweka sufuria chini kwa kishindo, nasimama. Ndipo nikajua kwamba simba ni mnyama tu. Nilimwendea Bibi, nikamwambia nimepita kumsalimu. Akanitazama mikono.

"Una nini nyumbani?"

Nikamwambia, katoni kwa katoni. Akafikiri, kisha akasema nilete kwake vyote, na mimi nichukue vyake.

"Wakija hapa wakaona bibi kizee amelalia sabuni, hilo naliweza," alisema. "Wakiona makopo, hilo siliwezi. Hapo uso wangu utakwisha."

Akanifundisha siku ile, pale barazani, kama mwalimu wa darasa la kwanza. Uso unaweza kudanganya, alisema, mikono haiwezi, kwa hiyo mikono ipe kazi. Shika kitu, menya kitu, funga kitu. Usimtazame mtu machoni wala usitazame chini, tazama kofia yake. Usijibu haraka. Na makopo nisiyafungue, nisiyapeleke karibu na moto hata wa sigara. Yana hasira, alisema. Nikaahidi. Nilipoyapakia, kila kopo ndani ya gunia lake la vitunguu, alisimama dirishani mpaka nilipokata kona.

Niliyapeleka Rhotia, kwenye nyumba ya babu yangu. Wazee wetu siku za kunyang'anywa ng'ombe walichimba nyumba ubavuni mwa kilima, paa sawa na ardhi, majani yameota juu. Unaweza kupita juu yake usijue kwamba chini kuna watu na mifugo. Moshi wa kinyesi cha ng'ombe waliuzoesha kutoka polepole, kwa matundu ya mbali, ukachanganyika na ukungu. Nyumba ile ilikuwa imekaa tupu tangu baba yangu. Nikasema hapa hata shetani hafiki.

Walianza kwa Bibi, asubuhi. Haya nayasema kama Mama Bura alivyonihadithia. Kamanda wa mgambo aliingia na vijana wanne. Bibi alikuwa kitandani, juu ya marobota yangu ya vitenge, na katoni za sabuni na madebe ya mafuta vimepangwa chini, shuka imeshuka mpaka sakafuni. Alikuwa amejipaka unga na majivu, ameweka leso yenye juisi nyekundu ya kiazisukari mdomoni. Hakusema kwamba anaumwa. Alijitahidi kuinuka awakaribishe chai, akashindwa, akakohoa, akaitazama leso, akaificha haraka chini ya mto kama mtu mwenye haya. Huko kuificha ndiko kulikowatoa. Kamanda mwenyewe alirudi kinyumenyume, akimwambia, "Pole, bibi, lala tu, pole." Wakanawa mikono kwenye tangi la maji, wakaondoka.

Mimi alasiri ile nilikuwa Rhotia, nimekwenda kuangalia makopo. Habari za asubuhi sikuwa nazo. Niko ndani ya nyumba ya babu, mgongo umeegemea udongo, nikasikia gari linapanda, likasimama chini ya kilima. Nikangoja lizimwe.

Halikuzimwa.

Sijui nikuelezeje. Injini ile ilikuwa ikinguruma ndani ya mbavu zangu. Nikawaza, wamekwisha kumkamata Bibi, amenitaja. Nikawaza, sabuni ni jela, lakini mikanda ya kizungu, yenye alama ya Wajerumani, imefukiwa shimoni Rhotia, hiyo wataiitaje? Wataiita ujasusi. Mimi mtu wa darasa la nne nitaeleza nini? Yote aliyonifundisha yalinitoka kichwani, ikabaki nyumba ya babu tu. Nyumba hii inameza moshi, nikasema. Nichome upesi, nifukie jivu, nitoke.

Nikafungua kopo moja. Mkanda ulikuwa umejikunja kama nyoka aliyelala. Nikauvuta kuelekea mwanga wa mlangoni, nione ninachokichoma. Kulikuwa na mtu mdogo mwenye ndevu na kofia pana, huyo huyo, huyo huyo, mara mia, na katika kila kipicha mkono wake wa kulia umepanda kidogo kuliko kipicha cha juu yake. Nilimwona. Hilo siwezi kulikana. Nilimwona, kisha nikawasha kiberiti.

Nilidhani utaungua kama maganda ya mahindi. Uliruka. Moto mweupe, wenye sauti, ukanifuata usoni, ukala nyusi na kope, ukashika kopo la pili na la tatu kabla sijatupa kijiti. Nikatupia udongo, ukaungua chini ya udongo. Nikamwaga maji ya ndoo, ukaungua ndani ya maji, wallahi kama mtu angeniambia ningemwita mwongo. Nikatoka kwa magoti, makopo yote manane yamekwisha, na nilipoinua kichwa, kilima chote cha babu yangu kilikuwa kinatoa moshi wa njano kwa kila tundu.

Nao hao, wanapanda mbio.

Kwenye mfuko wa koti nilikuwa na kitunguu. Mfanyabiashara wa vitunguu hakosi kitunguu. Nikakitoa, nikaanza kukimenya. Kamanda akafika anahema, rungu mkononi. Nikatazama kofia yake.

"Ndugu, unachoma nini humo?"

Nikatoa ganda moja, nikalitupa. "Nyuki."

"Nyuki gani wa moshi wa njano?"

"Wa zamani," nikasema. "Wamekaa humo tangu babu. Nta ya miaka arobaini hiyo. Bado wako ndani, wale ambao hawakufa, wamekasirika. Ukipenda ingia uone."

Akasogea nyuma hatua moja. Vijana wake, hatua mbili. Mmoja akauliza nyusi zangu ziko wapi. Nikamwambia ziko kwa nyuki. Wakaanza kucheka, na kamanda naye akacheka, akanisuta kwamba mzee mzima naenda kwa nyuki peke yangu kama mtoto mchungaji. Moshi ule ulikuwa ukichoma koo. Hakuna aliyetaka kuingia. Wakateremka. Nikabaki nikikimenya kitunguu kile mpaka hakikubaki kitu.

Jioni nilikwenda kwa Bibi. Nilimkuta ameketi juu ya vitenge vyangu, ameosha majivu, anacheka peke yake kama msichana. Vitu vyangu vyote vipo, hata kipande kimoja cha sabuni hakikupungua. Akaniuliza swali moja.

"Watu wangu hawajambo?"

Nikashika kofia yangu. "Hawajambo, Bibi."

"Na nyusi?"

"Nyuki."

"Nyuki wa Rhotia wakali," akasema, akamwita Mama Bura alete chai.

Msako ukapita. Vitu vyangu nikaviuza kimya kimya, nikanunua lori la pili, na watu wakasema yule jamaa hana woga. Lakini kila nilipokwenda Oldeani, swali lilikuwa lile lile. Watu wangu hawajambo? Hawajambo. Nilianza kuongeza. Nimewatengenezea rafu ya mbao, Bibi. Nimebadilisha magunia. Nimeweka paka kwa ajili ya panya. Bibi, mwigizaji mwenyewe, nilimdanganya kwa uigizaji, miaka mitano. Kamanda nilimwogopa alasiri moja. Bibi nilimwogopa kila wiki. Alisema mara nyingi akipona miguu nitampeleka Rhotia akayashike makopo kwa mkono. Nikawa naombea mvua, matope, gari liharibike, chochote.

Masika moja Mama Bura akaja dukani kwangu na mwavuli umevunjika. Akasema Bibi yuko hospitali ya misheni na ananihitaji. Nilijua ananihitaji kwa nini. Njia nzima nilikuwa nikipanga uongo: mafuriko, wezi, udongo umeporomoka.

Alikuwa amekuwa mdogo sana katika kile kitanda. Kitanda kilikuwa kimegeuzwa kitazame mlango. Nikasimama kizingitini.

"Kaa," akasema. "Usisimame kama polisi."

Nikakaa kwenye kigoda.

"Watu wangu hawajambo?"

"Hawajambo, Bibi."

"Vizuri. Miaka mitano hukukosea neno hata moja." Akapumzika kidogo. "Ila kila nikikuuliza, unashika kofia kwa mikono miwili. Hata sasa."

Nikaitazama mikono yangu. Kweli.

Akaniambia mikanda ile ikiungua ina harufu yake, na aliyeisikia studioni haisahau. Siku ile nilipoingia kwake bila nyusi nilikuwa nanuka ile harufu kuanzia mlangoni. Alijua kabla sijakaa. Alijua paka ni uongo, rafu ni uongo, safari ya Rhotia alijua haitakuwepo. Nilitaka kupiga magoti. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Mimi walinikalisha mezani wakaninyang'anya uongo wangu wote," akasema. "Mmoja baada ya mwingine. Nilitaka wewe nikuachie wako."

Mama Bura alikuwa amegeukia dirishani. Bibi akaniuliza kama nilitazama kabla ya kuwasha.

"Nilitazama."

"Alikuwa anafanya nini?"

"Anainua mkono, Bibi."

"Upi?"

"Wa kulia."

Akafumba macho. "Kopo la nne," akasema. "Anamvulia kofia mke wake."

Kisha akaanza. Hakuinuka, hakuinua kichwa. Akanisimulia picha nzima, kopo la kwanza mpaka la nane, na kila mtu kwa sauti yake: mke, hakimu, msichana anayecheka ambaye ni yeye. Kifaransa na Kiswahili vikichanganyika, na mimi nikielewa vyote. Alipofika kwa yule mwenye ndevu, sauti ikatoka ya mwanamume, nzito, ya mtu ninayemfahamu. Niliangalia mlango. Nilikuwa na hakika nje kuna gari halijazimwa. Mkono wake wa kulia ukapanda juu ya shuka kidogo kidogo, kama nilivyouona Rhotia, nikaona kofia, nikaona ndevu, nikamwona mtu niliyemchoma akinisalimu. Na alipofika mahali ambapo yule aliondoka akaja mwingine, alijigeuza ukutani, akamaliza kopo zima akiwa amenipa mgongo.

Ilipokwisha mvua ilikuwa imekatika. Nikamwambia, Bibi, mimi nina malori mawili, nina nyumba, sema chochote. Nitakulipia Nairobi, nitakulipia ndege. Akageuka, uso wake wa kawaida umerudi, ule wa siku ya kuni.

"Arusha, sinema, wanatoza kiasi gani?"

Nikamwambia viti vya juu shilingi thelathini, vya chini kumi na tano.

Akakitazama kigoda nilichokalia. "Wewe umekaa chini," akasema.

Nikampa noti ya ishirini. Akapapasa chini ya mto, akatoa sarafu ya shilingi tano, akanirudishia. Hakukubali niiache. Aliondoka duniani wiki ile, na ule mkoba tulimzika nao. Nimefanya hesabu nyingi maishani na hii ndiyo nisiyokosea: makopo manane, na yule mtu aliyekuwa ndani ya kopo la nne, vilinigharimu shilingi kumi na tano.